Gari-nyumba, ghorofa ya Mikanjuni, na jibu langu kwa wote mlionipigia



Nimepotea kidogo hapa uwanjani, najua. Sababu ni uvivu tu, sina jingine la kusingizia. Leo nimekaa kitako kuandika kwa sababu simu zimezidi. Dada mkubwa kapiga mara mbili, shangazi wa Barabara ya 12 kamtuma mjukuu aniandikie, na juzi shemeji yangu mmoja (anajijua!) kaweka kwenye kundi la familia la WhatsApp sauti ya dakika nne nzima, akiuliza kama ni kweli mimi na mume wangu tumestaafu na sasa tunahama nyumba ili tukalale ndani ya gari.

Naomba nijibu mara moja, hadharani, ili kila mtu asome mwenyewe badala ya kuhadithiwa.

Jibu ni: nusu kweli. Na hiyo nusu ndiyo nataka tuizungumze, maana inagusa pia ile ghorofa ya Mikanjuni. Subirini, nitafika huko.

Kwanza gari lenyewe. Ondoeni kichwani picha ya mtu aliyejikunja kiti cha nyuma cha Corolla, shati kalifanya shuka. Gari ninalosema hapa Wabelgiji wanaliita mobilhome. Mimi nitaliita gari-nyumba. Ukubwa wake ni kama Coaster ya daladala, fupi kidogo, na mengi yamejengwa juu ya Fiat Ducato. Ndani kuna kitanda, meza, jiko la gesi, friji, sinki, choo na pahala pa kuogea ukiwa umesimama. Juu ya paa kuna paneli ya sola. Chini kuna tangi la maji safi la lita 100 hivi na jingine la maji machafu. Ni nyumba, ila haina jirani wa kudumu.

Sasa mahali tunapokaa. Chaussée de Wavre maana yake ni barabara kuu ya kwenda Wavre, mji mdogo kusini-mashariki ya Brussels, kama sisi tunavyosema Barabara ya Pangani. Inaanzia Porte de Namur, na kipande chake cha mwanzo ndicho Matonge, mtaa uliobeba jina la Matonge ya Kinshasa. Wakongo walizoea upande huu tangu miaka ya sitini, baada ya Maison Africaine, hosteli ya wanafunzi kutoka Kongo, kufunguliwa hapa Ixelles mwaka 1961. Mwaka 2018 uwanja mdogo pale karibu na Porte de Namur ulipewa jina la Patrice Lumumba. Hapa ndipo ninaponunua ndizi mbichi, majani ya muhogo na samaki wa chumvi, na ndipo mume wangu, Mlubumbashi asiyeweza kukaa kimya, alipoanza kunisalimia kwa Kiswahili chake cha Katanga. Barabara ni nyembamba, mabasi, pikipiki, watu. Kuegesha gari-nyumba hapa ni sawa na kuingiza ng'ombe kwenye banda la kuku.

Kwa hiyo wazo hili halikutoka kwetu. Lilitoka ghorofa ya chini.

Chini yetu walikaa mume na mke, Wabelgiji, mume mwalimu mstaafu na mkewe alifanya kazi ofisini. Mwaka 2019 waliuza flati yao, wakagawa samani, wakanunua gari-nyumba na kuondoka. Jengo zima tulisema wazee wamechanganyikiwa. Mimi nilichukua kabati lao la vyombo, na nilipokuwa nalipandisha ngazi moyoni nikasema, hawa watarudi kulidai.

Hawakulidai. Kila mwaka, baridi ikianza kuuma mwezi wa kumi, wanashuka kusini: Ufaransa, kisha Hispania au Ureno. Wenzao wengine wanavuka kwa meli kutoka Algeciras hadi Tangier na kwenda kupiga kambi upande wa Agadir, Moroko. Mwezi wa nne wanapanda tena kaskazini. Ukiwa huko wakati wa baridi utayakuta magari yamejipanga, namba za Ujerumani, Uholanzi, Ufaransa, Ubelgiji, na mbele ya kila gari viti viwili na vichwa viwili vyeupe.

Mnaona hapo? Ni kaskazi na kusi! Babu yetu alikuwa baharia wa jahazi. Kaskazi ikivuma wanashuka, kusi ikivuma wanapanda, miezi chomboni, humo humo wanapika, humo humo wanalala. Hakuna mtu Tanga aliyesema babu hana makazi. Alikuwa baharia, basi. Mzungu mzee akifanya hivyo hivyo kwa magurudumu tunasema watoto wamemtupa.

Na hapo niseme kitu kuhusu wazee wa huku, maana nimewafanyia kazi miaka 22 kwenye nyumba za wazee. Nimewaosha, nimewalisha, nimewashika mkono saa tisa za usiku. Huko nyumbani mnapenda kusema Wazungu wanawatupa wazazi wao. Si kweli hivyo. Wengi wanakuja Jumapili na keki na wajukuu. Lakini nyumba hizo ni ghali, euro 2,000 kwa mwezi au karibu na hapo, na pensheni ya wengi haifiki. Halafu kuna jambo kubwa kuliko bei. Ukiingia pale unaamka saa ya wenzio, unakula saa ya wenzio, unaogeshwa saa ya ratiba. Nilikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi, "Leo ninaruhusiwa kwenda wapi?" Mlango haukufungwa. Alikuwa ameshasahau tu kwamba kwenda ni kitu ambacho mtu anaamua mwenyewe.

Hapa umri wa kustaafu ulipanda kutoka 65 hadi 66 mwezi wa pili 2025, na mwaka 2030 utakuwa 67. Mtu anayetoka kazini kwa umri huo, akijua njia inaweza kuishia kwenye ratiba ya kuogeshwa, akisema "ngoja kwanza nizunguke", mimi namwelewa kabisa.

Ila msidhani wote wenye magari hayo wako kwenye raha. Marekani hadithi ni nyingine. Baada ya uchumi wao kuanguka mwaka 2008, wapo wazee waliopoteza nyumba wakahamia kwenye magari kwa sababu kodi iliwashinda. Jessica Bruder aliandika kitabu chao, Nomadland, mwaka 2017, kikawa filamu iliyoshinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Humo mna watu wa miaka 60 na 70 wanaofungasha mizigo kwenye maghala msimu wa Krismasi na kurudi kulala garini. Gari ni lile lile. Tofauti ni kama umetoka nyumbani au umetolewa. Kila mtu akikusimulia uzuri wa maisha ya gari-nyumba, muulize hilo kwanza.

Haya, sisi. Mwezi wa tano tulikodi moja kwa siku 12. Mume wangu alipoliona mara ya kwanza alishika kiuno: "Bibi yangu, sasa tutakuwa batu ba kulala mu motokari?" Siku mbili za kwanza alinuna. Tulilala La Roche, kwenye vilima vya Ardennes, kando ya mto Ourthe, kisha tukashuka Luxembourg, halafu bonde la Moselle upande wa Ujerumani, mizabibu kulia na kushoto. Siku ya nne nikaamka nikamkuta nje, koti juu ya pajama, kikombe mkononi, anamweleza Mjerumani namna ya kupika sombe. Siku ya kumi hakutaka kurudi.

Niwape na upande wa pili, maana picha za mtoni nimeshawatumia, lakini picha za choo sikuwatumia. Choo kina sanduku la lita 18 hivi. Watu wawili wanalijaza kwa siku mbili au tatu, na kulimwaga ni kwa mikono yako mwenyewe, kwenye vituo maalumu. Maji ya kuoga ni ya kuhesabu. Gesi nayo: ile ya butani baridi ikikaribia sifuri haitoki vizuri mtungini, inabidi utumie propani. Na uzito! Leseni ya kawaida ya gari hapa ni ya gari lisilozidi kilo 3,500 pamoja na kila kilichomo. Gari tupu linakaribia kilo 3,000. Tia maji lita 100, hizo ni kilo 100. Tia gesi, nguo, na watu wawili tulioshiba (sihitaji kueleza zaidi), na hesabu imekaribia kufungwa. Kinu na mchi wangu vilibaki Brussels.

Kilichonishinda mimi hasa ni usiku mmoja kule Moselle. Mvua inapiga bati, hakuna televisheni, hakuna pa kwenda. Mume wangu akaanza kusimulia habari ambayo kwa miaka yote ya ndoa sijawahi kuisikia. Baba yake alifanya kazi migodini Katanga, na nyumba waliyokulia ilikuwa ya kampuni. Kazi ilipoisha na nyumba ikaisha. Alikuwa kijana, alibeba godoro kichwani kupita mbele ya marafiki zake. Akasema, "Tangu siku ile naogopa nyumba." Nikaelewa kwa nini mwanaume huyu hajawahi hata siku moja kuniambia tununue flati.

Mpaka hapo mtaona nimeshashawishika. Lakini kuna mambo mawili yaliyonirudisha nyuma, na haya ndiyo sababu nimesema nusu.

La kwanza ni karatasi. Ubelgiji kila mkazi lazima aandikishwe kwenye daftari la wilaya mahali anapoishi kweli, na polisi wa mtaa anakuja kugonga mlango kuhakikisha. Sheria ya mwaka 1991 imewafikiria wanaoishi kwenye nyumba za kutembea: anayehama hama na gari, karavani au boti anaweza kuandikishwa kwenye anwani ya mtu mwingine aliyekubali, na mtu huyo ana jukumu la kumfikishia barua zake. Majirani zetu wanatumia anwani ya binti yao. Vizuri. Lakini barua ikichelewa na wilaya ikaamua haujulikani ulipo, unafutwa kwenye daftari, kitambulisho kinakufa, na vyote vinavyoning'inia hapo, bima ya afya, pensheni, benki, vinaanza kuyumba.

Kwa Mbelgiji hilo ni usumbufu wa miezi kadhaa. Kwa mimi ni jambo jingine, kwa sababu bado nina pasipoti ya Tanzania. Wengi mmeniuliza kwa nini sikuchukua uraia wa huku miaka yote hii. Ni kwa sababu ya kiwanja! Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na asiye raia hawezi kumiliki ardhi kama raia anavyomiliki. Nilishika pasipoti ili nishike Mikanjuni. Na sasa pasipoti hiyo hiyo ndiyo inayoniambia, mama, wewe usijifanye huna anwani. Mzungu mzee akilala kandokando ya barabara anaonekana mtalii. Mume wangu, tulipoegesha pembeni mwa kijiji kimoja tupike chai, aliulizwa vitambulisho mara mbili kabla maji hayajachemka.

La pili ni zito zaidi. Majirira ya baridi yaliyopita yule jirani alipata kiharusi, kusini mwa Hispania. Hospitali ilimpokea, kadi ya bima ya afya ya Ulaya ilifanya kazi, hapo hapana lawama. Lakini mkewe alikuwa hajawahi kuliendesha lile gari hata mara moja. Mume ndiye dereva, yeye ndiye msoma ramani, hivyo ndivyo walivyogawana. Basi mwanamke wa miaka 71 alikaa wiki tatu kwenye eneo la kuegesha la hospitali, maji yamekwisha, choo kimejaa, mpaka mkwe wao akapanda ndege kwenda kulirudisha gari. Alipofika Brussels alikuja kunitembelea. Akakaa jikoni mbele ya kabati lake, akaligusa, akasema, "Kule kila mtu alikuwa mkarimu, lakini kila asubuhi majirani walikuwa wapya." Mume anaendelea vizuri, anatembea na fimbo, na niwaambie ukweli: bado wanataka kurudi barabarani. Mke anajifunza kuendesha.

Waswahili tulisema zamani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimeirudia methali hiyo sana mwaka huu. Babu alikaa miezi baharini kwa sababu alikuwa na pa kurejea, na kama jahazi lingechelewa, kuna mtu Ngamiani angeuliza mbona hajafika. Kwa fikra yangu hapo ndipo penye tofauti. Suala si magurudumu wala kuta. Suala ni nani atajua kwamba leo hujaamka. Hapa Chaussée de Wavre nisipopita dukani siku mbili, yule mama wa ndizi atamtuma mtu aje agonge. Gari-nyumba la mwaka mzima halina mama wa ndizi.

Sasa nifike Mikanjuni, maana najua ndiko mlikokuwa mnasubiri.

Tulianza kujenga mwaka 2004. Chini kumekwisha, watu wanaishi, mungu mwema. Juu kuna nguzo na nondo zinazotazama mbinguni zaidi ya miaka 20 sasa, na kila nikija nazikuta zimezidi kutu. Fundi kaleta hesabu: kumaliza ghorofa ni milioni 50 na ushee. Gari-nyumba la mitumba tuliloliona, la mwaka 2011, ni euro 18,000. Pigeni hesabu wenyewe. Ni pesa zile zile, na ziko za kitu kimoja tu.

Najua mtakachosema. "Mama, gari linachakaa, nyumba inabaki." Kweli kabisa, sibishi. Lakini naomba mtu mmoja anijibu: nani atalala juu? Mimi? Nimenyanyua wazee miaka 22, goti la kulia halinitaki tena. Nikifika 75 ile ngazi nitaitazama tu. Watoto wetu wamezaliwa hapa, wakija Tanga wanakaa wiki mbili, na wanataka kuwa karibu na bahari. Ukweli ni kwamba ghorofa ile hatukuichora kwa ajili ya kulala. Tuliichora ili mpita njia aseme, "Hapa kuna mtu yuko Ulaya." Nimefanya kazi za usiku, nimekosa mazishi ya mama mdogo, nimekosa harusi tatu, kwa ajili ya mpita njia huyo. Siwalaumu ninyi. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi mwenyewe niliona aibu kurudi na nyumba ya chini peke yake.

Na si mimi tu. Wenzangu wengi hapa Matonge wana nondo zao, Kinshasa, Bukavu, Bujumbura, Mombasa. Tunabana huku chumba na sebule ili tujenge kule vyumba nane, halafu tunastaafu tukiwa hatuna nguvu ya kukaa kote kuwili. Maoni yangu, na mnaweza kunipinga, ni kwamba nyumba ya uzeeni ipimwe kwa siku utakazoishi ndani yake ukiwa na afya. Ghorofa yangu ina siku sifuri mpaka leo.

Basi uamuzi wetu ni huu. Hatutaishi garini mwaka mzima. Tunahamia flati ndogo ya chumba kimoja, barabara ile ile, ili anwani ibaki na mama wa ndizi abaki. Gari tunalinunua, litaegeshwa nje ya mji, kwenye yadi ya rafiki. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa tutazunguka nalo, na mimi nitaendesha nusu ya njia, hilo tumeandikiana! Kaskazi ikianza kuvuma, mwezi wa kumi na mbili, tunapanda ndege kuja Tanga, na safari hii si wiki tatu za kukimbizana na mafundi. Tutakaa mpaka mwezi wa pili.

Anayeishi pale chini asiogope, hatumtoi. Tunaomba chumba kimoja tu cha uani, kile kilicho karibu na choo. Shangazi, nitakuja kukaa nawe barazani asubuhi nzima bila kuangalia saa, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa msichana. Shemeji, sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza yote, na ukija huku mwezi wa saba nitakulaza kwenye kitanda cha juu ya dereva uone mwenyewe.

Maoni yenu nayasubiri, hata ya kunigombeza. Tuombeane uzima.

Na fundi, kama kuna mtu anayekusomea haya: kata nondo, ezeka bati.

Wasalaam,
Dada yenu, Chaussée de Wavre